Michael Grzimek (1934–1959): Maisha ya Mwanasayansi Aliyechagua Kamera

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayejiunga na shahada ya uzamili katika mawasiliano kwa umma hukabiliwa mapema na swali la fani atakayobobea. Mbele yake pana uandishi wa magazeti, utangazaji wa redio na televisheni, filamu, uhusiano wa umma, na mawasiliano ya sayansi na maendeleo. Aghalabu swali hilo hujibiwa kwa kutazama ajira au kwa kufuata kipaji ambacho mwanafunzi anadhani kuwa anacho. Ni nadra kulitazama kwa upande wa watu watakaozungumziwa: iwapo fani itachaguliwa hii na si ile, ni sauti ya nani itakayosikika, na ya nani itakayoachwa nje?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kufuatilia maisha mafupi ya Michael Grzimek, mwanafunzi wa elimu ya wanyama kutoka Ujerumani ambaye aliamua kwamba kuandika kuhusu sayansi hakutoshi, akashika kamera. Jina lake linajulikana sana katika historia ya Serengeti na Ngorongoro. Hata hivyo, maisha yake kwa kawaida husimuliwa kutoka angani, yaani kutoka ndani ya ndege yake iliyopakwa milia ya pundamilia. Hapa yatatazamwa pia kutoka ardhini, hususan kutoka Kakesio, eneo la wafugaji lililoko kusini-magharibi mwa Hifadhi ya Ngorongoro, upande wa Endulen na Laetoli. Hoja kuu ni kwamba Grzimek alichagua fani kwa busara kuhusiana na hadhira aliyotaka kuifikia, lakini chaguo hilohilo liliwaacha kimya watu ambao uamuzi uliokuwa ukijadiliwa uliwagusa kuliko wote.

2.0 Malezi na Mazingira ya Nyumbani

Michael Grzimek alizaliwa Berlin tarehe 12 Aprili 1934. Baba yake, Bernhard Grzimek, alizaliwa mwaka 1909 huko Neisse, mji ambao leo umo nchini Poland na huitwa Nysa. Bernhard alisomea utabibu wa mifugo na kwa miaka kadhaa alikuwa mtumishi wa serikali katika masuala ya kilimo. Mwaka 1945, vita vilipokuwa vinamalizika, alikabidhiwa bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt. Bustani hiyo ilikuwa imeharibiwa vibaya kwa mabomu na wanyama wachache tu walikuwa wamesalia. Aliijenga upya na kuiongoza hadi mwaka 1974.

Kwa hiyo Michael alikua katika nyumba ambamo wanyama walikuwa kazi ya kila siku. Jambo jingine lililomlea halikuwa dogo. Bustani iliyobomolewa haikuweza kufufuka kwa utaalamu wa tiba peke yake. Ilihitaji wananchi wa mji waliochoshwa na vita waishabikie na wakubali kulipa kiingilio. Ili kuwavuta, Bernhard aliandika vitabu na makala kwa lugha nyepesi, na tangu Oktoba 1956 alianza kuonekana katika televisheni ya Ujerumani Magharibi, chombo kilichokuwa bado kichanga, kwa kipindi kuhusu wanyama kilichodumu hadi alipofariki mwaka 1987. Nyumbani kwa Grzimek, basi, sayansi na mawasiliano havikuwa vyumba viwili. Mtoto alijifunza mapema kwamba mnyama asiyejulikana kwa watu hana mtetezi.

3.0 Kutoka Kitabu hadi Filamu

Michael alisomea zuolojia. Njia iliyokuwa wazi mbele yake ilikuwa ile ya kawaida: tasnifu, cheo cha chuo kikuu, na makala za kitaalamu zinazosomwa na wenzake wachache. Kilichobadilisha mwelekeo huo ni safari alizofanya pamoja na baba yake katika Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji. Baada ya kuzuru huko, Bernhard alichapisha kitabu kilichoitwa Kein Platz für wilde Tiere, yaani hakuna nafasi kwa wanyama wa porini. Kitabu kilitoa hoja kwamba ongezeko la watu na mashamba barani Afrika lilikuwa likiwasukuma wanyama ukingoni.

Kitabu kilisomwa, lakini Michael hakuridhika. Kwa maoni yake, hoja ile ilistahili hadhira iliyo kubwa kuliko hadhira ya kitabu, na hadhira hiyo ilikuwa katika majumba ya sinema. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi alipoisukuma familia kuingia katika utengenezaji wa filamu, kazi yenye gharama kubwa ambayo ingeweza kuwafilisi. Filamu yenye jina lilelile la kitabu ilitoka mwaka 1956, ikatuzwa katika tamasha la filamu la Berlin mwaka huohuo, na kuonyeshwa katika nchi nyingi.

Uamuzi huu ndio kiini cha maisha yake kwa mtazamo wa taaluma ya mawasiliano. Grzimek hakuiacha zuolojia. Alichokifanya ni kuuliza ujumbe wake unamhusu nani, kisha akachagua chombo kinachomfikia mtu huyo. Mlengwa hakuwa mtaalamu mwenzake wala mkulima wa Kongo. Mlengwa alikuwa mkazi wa mji wa Ulaya mwenye fedha ya tiketi na, kupitia kura na michango yake, mwenye uwezo wa kuzishinikiza serikali. Kwa hadhira hiyo, picha iendayo ilikuwa na nguvu ambayo jedwali la takwimu halikuwa nayo. Kila kilichofuata katika maisha yake kilijengwa juu ya jibu hilo.

4.0 Ndege na Hesabu

Filamu ya kwanza ilileta fedha. Baba na mwana walijitolea kuzitumia fedha hizo kununua ardhi ili kuipanua hifadhi ya Serengeti. Peter Molloy, aliyekuwa mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika, aliwashauri vinginevyo. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa katikati ya mjadala mzito kuhusu mipaka ya Serengeti. Hifadhi ya taifa iliyoanza kazi mwaka 1951 ilijumuisha pia nyanda za juu na bonde la kreta la Ngorongoro, maeneo ambamo Wamasai waliishi na kuchunga. Mwaka 1956 serikali ilitoa pendekezo la kuigawa hifadhi hiyo. Mwaka 1957 uchunguzi wa profesa Pearsall, aliyetumwa na chama cha Uingereza cha kuhifadhi wanyama, ulifuatwa na kamati ya serikali. Kilichokosekana katika mjadala wote ni takwimu: hapakuwa na aliyejua idadi ya wanyama wala njia wanazopita katika msimu mmoja hadi mwingine.

Grzimek na baba yake waliikubali kazi hiyo. Wote wawili walijifunza urubani kwa ajili yake, wakanunua ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, wakaipaka milia ya pundamilia, na mwezi Desemba 1957 wakairusha wenyewe kutoka Ujerumani hadi Tanganyika. Kambi yao ilikuwa Banagi. Mwanzoni mwa mwaka 1958 waliihesabu mbuga kwa kuruka juu yake kwa mistari sambamba, sehemu baada ya sehemu. Jumla yao ilikuwa wanyama wakubwa 366,980, wakiwamo nyumbu 99,481, pundamilia 57,199, na swala wa aina mbili 194,654. Aidha, waliwakamata baadhi ya wanyama na kuwavisha mikanda ya rangi shingoni ili waweze kutambuliwa kutoka angani, na wakakusanya majani ya malisho ili yapimwe.

Hesabu hiyo haikuwa kamilifu. Hesabu nyingine iliyofanywa mwaka 1961 ilikuta nyumbu zaidi ya maradufu ya idadi yao, na katika miaka ya 1970, baada ya sotoka kudhibitiwa, nyumbu walipita milioni moja. Pamoja na hayo, kazi ile ilikuwa ya kwanza ya aina yake kwa Serengeti, na matokeo yake muhimu zaidi hayakuwa jumla bali ramani. Ilidhihirika kwamba makundi yaliyokuwa yanahama hutumia sehemu ya mwaka nje ya mipaka iliyokuwa inapendekezwa. Taarifa ya kitaalamu ya hesabu hiyo, yenye jina la Michael na la baba yake, ilichapishwa mwaka 1960 katika jarida la Marekani linaloshughulikia wanyamapori. Ilisomwa na wataalamu. Wakati huohuo kamera ilikuwa ikifanya kazi nyingine.

5.0 Kifo

Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek alikuwa peke yake ndani ya ndege, akiruka kaskazini mwa nyanda za juu za Ngorongoro, upande wa uwanda wa Salei. Tumbusi aligonga bawa la ndege na kuzikwamisha nyaya za kuiongozea. Ndege ilianguka na rubani akafa. Alikuwa na umri wa miaka 24, ameoa, na kazi ya filamu haikuwa imemalizika.

Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Juu ya kaburi palijengwa mnara wa mawe ambao wasafiri waendao Serengeti huuona kando ya barabara. Huko Banagi, jengo la utafiti lilipewa jina lake, na kutokana na chanzo hicho ilizaliwa taasisi ya utafiti ya Serengeti katika miaka ya 1960. Majivu ya baba yake yaliletwa kuzikwa kando yake baada ya mwaka 1987.

Kifo hicho kiliibadilisha filamu. Bernhard aliikamilisha na kuitoa mwaka 1959 kwa jina la Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isiachwe ife, pamoja na kitabu chenye jina hilohilo. Mwaka 1960 filamu ilipata tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya mambo halisi. Mtazamaji wa Frankfurt au London aliyeingia ukumbini alijua kwamba kijana anayemwona akiendesha ndege ya milia amekwisha kufa kwa ajili ya wanyama anaowatazama. Hoja iliyokuwa inaweza kujadiliwa ikageuka kuwa wasia, na wasia wa marehemu haujadiliwi kwa wepesi.

6.0 Filamu na Mipaka

Inafaa kupima filamu ilifanikiwa wapi na ilishindwa wapi. Kuhusu mipaka yenyewe, ilichelewa. Serikali ilikwisha kuamua. Tarehe 21 Aprili 1958 wazee 12 wa Kimasai waliweka saini katika hati ya kukubali kuondoka sehemu ya magharibi, ambayo ilibaki kuwa hifadhi ya taifa isiyo na wakazi. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na kuwa hifadhi ya aina yake, yenye kilomita za mraba zipatazo 8,300, ambamo wanyamapori na wafugaji wangeishi pamoja. Mwezi Agosti mwaka huohuo Gavana Turnbull aliliahidi baraza la Wamasai kwamba masilahi yao yangetangulizwa pale ambapo yangegongana na ya wanyama.

Kuhusu mawazo ya watu, filamu ilishinda kabisa. Iliifanya Serengeti kuwa jina linalojulikana Ulaya na Marekani, ikachochea michango, na ikajenga kizazi cha watalii na wahifadhi. Pamoja na hayo ilieneza wazo ambalo Bernhard Grzimek alilishikilia hadi mwisho, kwamba hifadhi ya taifa ya kweli haina budi kuwa bila watu, hata wenyeji wake. Wanahistoria wa mazingira wa miongo ya baadaye wameikosoa filamu kwa sababu hiyo: Mmasai anaonekana ndani yake, lakini hatoi hoja. Anaelezwa na msimulizi kwa lugha asiyoifahamu, mbele ya hadhira ambayo hatakutana nayo.

Ukimya huo haukutokana na ukosefu wa vyombo. Tanganyika ya mwaka 1958 ilikuwa na redio iliyotangaza kwa Kiswahili kutoka Dar es Salaam tangu mwaka 1951, na gazeti la Mambo Leo lilikuwa limetoka tangu mwaka 1923. Kadhalika palikuwa na baraza, chombo kikongwe kuliko vyote, ambamo jambo la malisho hujadiliwa na wazee hadi pande zote ziafikiane. Hati ya 1958 iliandikwa kwa Kiingereza, na baadaye baadhi ya Wamasai walilalamika kwamba wazee wale hawakuelewa barabara walichokitilia saini. Hapa ndipo suala la mipaka linapokuwa suala la mawasiliano. Upande mmoja ulikuwa na filamu, kitabu, televisheni na taarifa za serikali. Upande wa pili ulikuwa na baraza ambalo hakuna aliyelipeleka mbele ya hadhira pana.

7.0 Serengeti Ikitazamwa kutoka Kakesio

Baada ya uamuzi huo, maeneo ya wafugaji ndani ya Ngorongoro, Kakesio yakiwa miongoni mwao, yalibaki upande wa pili wa mpaka. Kakesio ipo mahali ambapo nyanda za majani mafupi zinakaribiana na ardhi ya miti ielekeayo Maswa na Bonde la Eyasi. Ni eneo kavu, na maisha ya mifugo hutegemea kuhama kwa wakati.

Kwa mfugaji wa hapo, mwendo wa nyumbu si jambo la kupendeza macho tu. Kati ya Januari na Machi, mvua inapoziotesha nyanda, nyumbu huja kuzaa. Ndama wa nyumbu hubeba virusi ambavyo havimdhuru yeye, lakini vikimpata ng'ombe huleta ugonjwa ambao karibu kila mara huua. Kwa sababu hiyo wafugaji huwaondoa ng'ombe uwandani wakati ambapo majani yake ni bora kuliko wakati wowote, wakawapeleka kwenye ardhi ya juu au yenye miti, na kuwarudisha baada ya hatari kupita. Anayekosea kukadiria siku za kuwasili kwa nyumbu hupoteza kundi lake.

Maana ya jambo hilo kwa maisha ya Michael Grzimek ni nzito. Swali alilolivukia bahari na jangwa ili kulijibu, yaani nyumbu huenda wapi na lini, lilikuwa swali ambalo wazee wa maboma walilazimika kulijibu kila mwaka kwa kuhatarisha mali yao yote. Ujuzi huo haukuwa na tarakimu, na haungeweza kutoa jumla ya 366,980. Lakini ulikuwa na kina cha vizazi, ilhali uchunguzi wa ndege ulikuwa wa msimu mmoja au miwili. Mpango wa utafiti ulijengwa juu ya hesabu ya angani, mikanda ya shingoni na sampuli za majani. Kuwahoji wafugaji hakukuwa nguzo yake. Tena ujuzi huo ungeweza kusimama kama ushahidi katika mjadala wenyewe, kwani mtu anayempisha nyumbu kila mwaka ni vigumu kumweleza kuwa ni adui yake.

Athari za ukimya huo hazikuishia enzi ya ukoloni. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mwaka 1979 hifadhi iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu mwaka 2022 kaya kadhaa zimehamia Msomera, wilayani Handeni, katika mpango wa serikali ulioleta mabishano makali ndani na nje ya nchi. Katika kila hatua, ulimwengu uliobishana kuhusu Ngorongoro uliitazama kwa macho ambayo kwa kiasi kikubwa yalifunzwa kutazama na filamu ya mwaka 1959.

8.0 Hitimisho

Si haki kumhukumu kijana wa miaka 24 kwa kutofanya yote. Michael Grzimek aliunganisha taaluma tatu ambazo kwa kawaida hukaa mbalimbali: elimu ya wanyama, urubani na filamu. Aliweka mali ya familia yake katika kazi hiyo, kisha akaweka maisha yake. Bila yeye huenda mbuga ya Serengeti isingepata watetezi iliowapata. Uamuzi wake wa kuondoka katika kurasa za jarida la kitaalamu na kuingia katika ukumbi wa sinema ni somo halisi kwa mwanafunzi wa mawasiliano ya sayansi: chombo huchaguliwa kwa kumtazama mlengwa.

Hata hivyo, maisha yake yanaonyesha kwamba kanuni hiyo haitoshi. Mlengwa na mhusika si mtu mmoja. Filamu yake ilimlenga mtu wa Frankfurt na ikamhusu mtu wa Kakesio, na kadiri ilivyomfikia wa kwanza kwa ufanisi ndivyo ilivyomwacha wa pili akiwa picha tu. Taaluma ya nne, yaani kusikiliza katika lugha ya mhusika na kumpa nafasi ya kujibu, haikuwamo katika orodha yake.

Tangu mwaka 2003, Chuo cha Uandishi wa Habari cha Tanzania kilipounganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, fani za mawasiliano zimekuwa sehemu ya kawaida ya masomo ya chuo kikuu hicho. Anayechagua leo kubobea katika filamu, redio au mawasiliano ya maendeleo ana vifaa ambavyo Grzimek hakuviota. Anaweza pia kukaa katika baraza la Kakesio, akasikiliza kwa Kiswahili au kwa Kimaasai wazee wakijadili siku ya kuwaondoa ng'ombe uwandani kabla nyumbu hawajaanza kuzaa. Mjadala huo ulikuwapo mwezi Januari 1958 ndege ya milia ilipokuwa ikihesabu juu ya mbuga, na bado hufanyika kila mvua zinapokaribia.